SEREMALA WA BILLUND: MAISHA YA OLE KIRK CHRISTIANSEN

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo ningependa tuipime methali hii kwa kutazama maisha ya seremala mmoja wa Denmark aliyeaga dunia mwaka wa 1958. Jina lake halitajwi sana madarasani, lakini kazi ya mikono yake inajulikana karibu kila pembe ya ulimwengu.

Kabla sijafika kwake, hebu niwaeleze biashara moja ya ajabu. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaonunua vitu vya kuchezea watoto na kuvifungia kabatini. Hawavifungui ng'o! Boksi likikunjika pembe, mwenyewe anahuzunika kama aliyefiwa na ng'ombe. Vitu vyenyewe ni vijitofali vya plastiki viitwavyo LEGO, ambavyo mtoto huvipachika kimoja juu ya kingine akajenga nyumba, gari, meli au chochote akitakacho. Huuzwa kwa seti, na kila seti huwa na picha ya kitu cha kujenga. Kiwanda hutengeneza seti fulani kwa muda, aghalabu miaka michache, kisha huiacha na kutoa nyingine. Hapo ndipo jamaa wa kabatini hupata nafasi yao. Seti ikishaadimika madukani, anaitoa na kuiuza kwa bei ya juu.

Kwani biashara hiyo ni tofauti na ya yule mfanyabiashara wa kwetu anayenunua mahindi wakati wa mavuno, akayafungia ghalani hadi njaa ibishe hodi? Kwa kweli zinafanana. Tofauti ni kwamba mahindi huingiwa na dumuzi, nayo plastiki haina dumuzi. Lakini swali linabaki. Mahindi huliwa, na mtu lazima ale. Je, kijitofali cha plastiki kina nini hata mtu akilipie mara tatu au nne ya bei yake ya kwanza? Jibu halimo kabatini. Tukilitaka, sharti tumwendee seremala mwenyewe.

Ole Kirk Christiansen alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 katika jimbo la Jutland, magharibi mwa Denmark. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Katika nyumba kama hiyo mtoto hangojei kuambiwa maana ya kazi. Kijana Ole alijifunza useremala kwa kaka yake, kisha akatoka kwenda kutafuta riziki katika nchi za Ujerumani na Norwe. Huko Norwe hakupata mshahara peke yake, alipata na mchumba. Jina lake lilikuwa Hansine, na mwaka wa 1916 wakafunga ndoa.

Mwaka huo huo wa 1916 Ole alichukua akiba yake na kununua karakana ya useremala katika kijiji kiitwacho Billund. Msidhani Billund ilikuwa mji. Kilikuwa kijiji kidogo katikati ya mashamba yasiyo na rutuba ya kujivunia. Wateja wake walikuwa wakulima. Mkulima akivuna vizuri, alimwita seremala amtengenezee milango, madirisha au amjengee nyumba. Akivuna vibaya, seremala naye alikaa njaa. Hata hivyo Ole alisifika kwa kazi safi. Yeye na Hansine walijaliwa watoto wanne, wote wavulana: Johannes, Karl Georg, Godtfred na Gerhardt.

Mungu si Athumani, lakini shetani naye hana likizo. Siku moja mwaka wa 1924, Karl Georg na Godtfred, wakiwa bado wadogo sana, waliingia karakanani kucheza. Moto ukashika maranda ya mbao. Wote tunajua vile maranda makavu yanavyowaka. Kufumba na kufumbua, karakana ikateketea pamoja na nyumba ya familia. Mzee hakupoteza roho ya mtu, lakini mali yote ikawa majivu.

Mwingine angefunga virago na kurudi kwao. Ole alipiga moyo konde. Badala ya kujenga kibanda, alijenga jengo kubwa kuliko lile la kwanza ili apate nafasi ya kazi na ya kupangisha. Majirani wengine walimwona kama mtu anayejitakia madeni. Madeni kweli aliyapata, na mengine yalimfuata kwa miaka mingi.

Kisha ikaja dhiki ya dunia nzima. Mwaka wa 1929 soko la hisa la New York liliporomoka, na wimbi lake likafika hadi kwa wakulima wa Denmark. Bei za mazao zilianguka. Nani angejenga ghala jipya wakati hana cha kuweka ndani? Kazi zilikatika moja baada ya nyingine, na Ole akalazimika kuwaachisha kazi wafanyakazi aliokuwa nao. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mwaka wa 1932, katikati ya shida hiyo, Hansine akafariki. Fikiria, ewe msomaji, mwanamume mmoja mwenye watoto wanne wasio na mama, karakana isiyo na kazi, na wadai wanaobisha mlangoni.

Hapo ndipo alipogeuza mkondo wa maisha yake. Ikiwa watu hawana hela za nyumba, labda wana hela za vitu vidogo. Akaanza kutengeneza ngazi fupi, stuli na mbao za kupigia pasi. Kutokana na vipande vidogo vya mbao akatengeneza pia magari, wanyama na vitu vingine vya watoto. Ndugu zake waliomsaidia kupata mkopo hawakufurahishwa na wazo hilo. Waliona kwamba mtu mzima na fundi stadi haifai kupoteza wakati kwa michezo ya watoto. Ole alichukua msaada wao kwa shukrani, lakini ushauri aliuacha pale pale.

Katika miaka hiyo kulizuka wazimu wa yoyo, kile kigurudumu kinachopanda na kushuka kwenye uzi. Kila mtoto alitaka yoyo. Ole akazitengeneza kwa wingi, kumbe mtindo nao hupita kama mvua ya rasharasha. Siku watoto walipozichoka, yoyo zikabaki zimejaa karakanani. Unafikiri alizitupa? La hasha! Alizipasua katikati, na nusu hizo zikawa magurudumu ya magari ya kuchezea. Fundi wa kweli hatupi kitu.

Mwaka wa 1934 alioa tena, mke aliyeitwa Sofie, na baadaye wakapata binti. Katika kipindi hicho pia alitafutia kazi yake jina. Aliwashindanisha wafanyakazi wake watoe jina zuri, na zawadi ilikuwa chupa ya mvinyo aliyoitengeneza mwenyewe. Mwishowe jina lililoshinda ni lake mwenyewe, na bila shaka chupa ikarudi kwake! Alichukua maneno mawili ya Kidenmark, leg godt, yenye maana ya kucheza vyema, akayaunganisha yakawa LEGO. Baadaye ikagunduliwa kwamba katika Kilatini neno hilo hilo lina maana ya nakusanya, na pia nasoma. Naomba msomaji aziweke akilini maana hizi mbili, kucheza na kukusanya, kwa sababu tutazirudia.

Sasa nije kwenye kisa ambacho mimi nakiona kuwa ufunguo wa maisha yake yote. Mwaka wa 1935 karakana ilianza kutengeneza bata wa mbao mwenye magurudumu. Kila bata alipakwa vanishi mara tatu. Mwanawe Godtfred, aliyekuwa akimsaidia kazi tangu utotoni, aliona njia ya kuokoa hela. Alipaka mara mbili tu, akafunga mzigo, akaupeleka stesheni ya reli ili usafirishwe kwa mteja. Akarudi kwa baba yake amejaa furaha kwa sababu ameokoa gharama. Alitarajia sifa. Mzee alimwamuru arudi stesheni mara moja, awatoe bata wote, awapake vanishi mara ya tatu na kuwarudisha stesheni, hata kama ingemchukua usiku kucha. Tena afanye peke yake. Godtfred akafanya.

Je, kuna mtoto ambaye angehesabu tabaka za vanishi? Hakuna. Mteja mwenyewe huenda asingejua. Lakini mzee alijua kwamba bata wa tabaka mbili atachubuka mapema, na siku atakapochubuka jina la karakana litachubuka naye. Alikuwa mcha Mungu na aliamini kwamba kazi isiyoonekana ndiyo inayompima fundi. Godtfred hakukisahau kisa hicho, na alikuwa akikisimulia hata alipokuwa mkubwa wa kampuni.

Majaribu hayakuisha. Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark na kuikalia hadi Mei 1945. Katikati ya vita hivyo, mwaka wa 1942, karakana iliungua tena. Safari hii iliteketea pamoja na michoro na mifano ya vitu alivyobuni kwa miaka mingi. Ole alikuwa amefika umri wa miaka hamsini na moja hivi. Inasemekana alifikiria kuacha kabisa. Lakini pale Billund palikuwa na familia zilizomtegemea kwa kazi, na kama angeondoka nani angewalisha? Akakopa tena, akajenga tena. Mafundi wakachora upya vitu walivyovikumbuka kwa kichwa.

Vita vilipokwisha mbao nzuri zilikuwa adimu, na plastiki ilikuwa jambo geni. Mwaka wa 1946 Ole alinunua mashine kutoka Uingereza ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu. Ilikuwa ghali mno kwa karakana ya kijijini, na hata watu wa nyumbani kwake walitilia shaka. Pamoja na mashine hiyo alipata kuona vijitofali vya plastiki vilivyobuniwa na Mwingereza Hilary Page wa kampuni ya Kiddicraft. Hapa lazima tuseme ukweli, maana ukweli haumdhuru aliyekufa. Wazo la kijitofali halikuanzia Billund. Ole na Godtfred walilichukua kutoka kwa Page, wakalirekebisha kidogo, na mwaka wa 1949 wakaanza kuuza vijitofali vyao wenyewe. Page alifariki mwaka wa 1957, na ni mwaka wa 1981 tu ambapo kampuni ya LEGO ilinunua haki za vijitofali vya Kiddicraft.

Mwanzoni biashara ilisuasua. Vijitofali vilikuwa wazi kwa ndani na havikushikana vizuri, basi mtoto akijenga mnara, ukiguswa tu unaanguka. Kilichouzika zaidi mwaka wa 1952 ni trekta ndogo ya plastiki ya Ferguson, jina ambalo hata wakulima wa kwetu Kenya wanalifahamu. Afya ya mzee ikaanza kudhoofika, na Godtfred akazidi kushika usukani hadi mwaka wa 1957 akawa mkurugenzi. Mwaka wa 1955 kijana huyo alitangaza mpango mpya: vijitofali vyote viwe vya mfumo mmoja, na chochote kitakachonunuliwa kesho kiungane na kilichonunuliwa jana.

Lililobaki ni tatizo la kushikana. Dawa yake ilipatikana kwa kuweka mirija midogo ndani ya kijitofali, ili vifundo vya kile cha chini vibanwe barabara. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred alipeleka ombi la kulinda uvumbuzi huo kisheria. Wiki sita tu baadaye, tarehe 11 Machi 1958, Ole Kirk Christiansen akafariki akiwa na umri wa miaka 66. Aliwahi kuona mbegu, mti hakuuona. Mwaka wa 1960 ghala la vitu vya mbao likaungua, na Godtfred akaamua kuachana na mbao kabisa.

Sasa turudi kwa jamaa wetu wa kabatini. Kijitofali kilichotengenezwa mwaka wa 1958 bado kinashikana na kilichotengenezwa juzi. Vijitofali sita tu vyenye vifundo vinane na rangi moja vinaweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya milioni 915. Kwa hiyo seti ya zamani si takataka, bado inafanya kazi. Hiyo ndiyo tabaka ya tatu ya vanishi, wasomaji wenzangu! Kama kalibu zingetengenezwa ovyo, seti za kale zisingekuwa na thamani ya sumni.

Faida katika biashara hii ipo. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Moscow walichunguza bei za seti 2,322 zilizotolewa kati ya 1987 na 2015, wakaona kwamba seti zilizouzwa bila kufunguliwa zilipanda kwa wastani wa kama asilimia 11 kwa mwaka. Lakini ati wastani! Nyingine zilipanda mara nyingi zaidi ya hapo, na nyingine zilipoteza hadi nusu ya thamani. Aidha mwenye mali anahitaji chumba kikavu, kwa sababu jua hugeuza plastiki nyeupe kuwa ya manjano na unyevu huharibu boksi. Tena kuna gharama za kusafirisha na za kuuzia. Wengi hungoja miaka kadhaa, pesa zao zimelala.

Mfano mzuri ni seti ya Taj Mahal, lile jengo mashuhuri la India. Ilitoka mwaka wa 2008 ikiwa na vipande 5,922, kwa bei ya kama dola 300 huko Marekani. Ilipoacha kutengenezwa, bei ilipanda hadi ikavuka dola 1,000. Waliokuwa nazo wakachekelea. Kumbe mwaka wa 2017 kampuni ikatoa tena Taj Mahal karibu ile ile, na bei ya zile za kabatini ikashuka. Aliyenunua kwa dola elfu akitumaini elfu mbili alibaki ameshika tama. Hivyo ndivyo ilivyo mali ambayo kuadimika kwake kunategemea uamuzi wa mtu mwingine.

Kuna wanafunzi watakaosema kwamba wauzaji hao ni wezi wa furaha ya watoto. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Mtu kununua kwa hela zake na kuuza kwa anayetaka si dhambi. Lakini napenda tulitazame jambo hili kwa makini. Kwa nini seti ya zamani ni adimu? Ni kwa sababu watoto wengi waliifungua, wakacheza, wakapoteza vipande chini ya vitanda, wakachana boksi. Kama kila mnunuzi angeifungia kabatini, kila kabati lingekuwa nayo na isingepanda hata senti. Na ni nani anayeinunua kwa bei ya juu? Mara nyingi ni mtu mzima aliyewahi kucheza nayo au kuitamani alipokuwa mtoto. Kwa hiyo anayekusanya anakula jasho la wawili, fundi aliyefanya kazi kwa uaminifu na mtoto aliyecheza. Ukiondoa kucheza, kukusanya kunakufa. Jina lenyewe lina maana zote mbili, lakini mzee alianza na kucheza.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hatutamiliki seti hizo, na wala si hoja. Tunayo magari yetu ya waya na ya paketi za maziwa, na wengine wetu watakuwa mafundi. Tukitengeneza stuli, tukishona sare, tukiandika insha, kuna sehemu ambayo mwalimu au mteja hawezi kuiona. Sehemu hiyo Mzee Ole aliipaka vanishi. Moto ulimchomea mara mbili, njaa ikambishia hodi, kifo kikamnyang'anya mke, na bado hakuiruka. Watu leo wanalipa maelfu kwa kitu kilichotokana na desturi hiyo, wengi wao bila kumjua. Kizuri chajiuza, hata baada ya mwenyewe kulala kaburini. Mwenye masikio na asikie.